Bi Usiguse na Mbuzi wa Nane

Watoto ndio waliompa jina la Bi Usiguse, na kusema kweli hawakumsingizia. Alikuwa mlinzi wa Ukumbi wa Pili katika jumba la makumbusho ya sanaa, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili juu ya kiti kimoja cha mbao, na katika miaka hiyo yote hakuruhusu kidole cha binadamu kigusane na rangi ya mchoraji yeyote. Sauti yake ilifika kabla kidole hakijanyanyuka. Mtoto akijikuna sikio, "Usiguse!" Mtoto akipangusa pua, "Usiguse!" Siku moja fundi umeme alipanda ngazi abadilishe taa, akalisikia hilo neno, akateremka na taa yake mkononi na kwenda kunywa chai kwanza.

Sasa, aliyekabidhiwa mali ya watu ana haki ya kuwa mkali. Lakini ukali nao una mwisho wake, na mwisho wa ukali wa Bi Usiguse ulikuja ndani ya bahasha, kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule fulani. "Tulileta watoto wajifunze sanaa," barua ilisema, "wamerudi na neno moja tu, nalo si la sanaa. Wawili walilia njia nzima. Mmoja mpaka leo akiona picha ukutani, hata ya kalenda, anaficha mikono."

Mkurugenzi wa jumba alimwita ofisini. Alikuwa kijana wa miwani na suti iliyopigwa pasi vizuri, rika moja na kifungua mimba wa Bi Usiguse.

"Mama," alianza, "mimi nakuheshimu kama mzazi wangu."

Mtu akianza hivyo, jua kinachofuata si kizuri.

"Jumamosi wanakuja watoto thelathini na sita wa darasa la tano. Watatazama picha, halafu watafundishwa kuchora. Akilia hata mmoja kwa sababu yako, Jumatatu unahamia geti la maegesho ya magari. Barua nimeshaiandika, imebaki sahihi tu."

Geti la maegesho! Kibanda cha bati, mnyororo, na moshi wa magari usoni kuanzia asubuhi hadi jioni. Lakini wala si jua wala si moshi vilivyomchoma roho. Aliupenda ule ukumbi. Mbele ya kiti chake ilitundikwa picha kubwa, upana wa vitanda viwili, ya mwanamke anayepandisha mbuzi mlimani. Alikuwa ameitazama miaka ishirini na miwili, mvua na kiangazi, na kila asubuhi kabla wageni hawajaingia aliiamkia kwa sauti ndogo, maana si vizuri kuingia mahali ukawapita watu kimya.

Nyumbani alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa mizaha, na alicheka mpaka pini alizozibana mdomoni zikamwagika sakafuni.

"Wewe, mama watoto, unyamaze siku nzima? Afadhali wangemwambia jogoo."

"Mimi nakueleza msiba, wewe unacheka."

"Basi sicheki. Sikiliza." Alifungua mtoto wa meza akatoa peremende kubwa, zile ngumu ambazo huwapa watoto wa wateja wasichezee mkasi. "Ulimi hauna mfupa, kwa hiyo upe kitu cha kuulemea. Weka moja shavuni. Ukitaka kusema, nyonya."

Jumamosi ikafika, na saa tatu na nusu watoto wakaingia wakiongozwa na mwalimu wa kuchora, mzee mrefu mwembamba ambaye watoto wote wa mji walimwita Mwalimu Kifutio. Waliomwita hivyo walikuwa wanamkomoa, kwa sababu hakuna alichokichukia duniani kuliko kifutio. Alisimama mlangoni na kopo la maziwa, kila mtoto akatumbukiza kifutio chake humo.

"Kosa ukishalichora ni lako," aliwaambia. "Lilee."

Alikuwa na utaratibu wake, na hakumsamehe mtu. Robo saa ya kwanza hakuna kushika penseli. Unaweka mikono nyuma, unafunga mdomo, unatembea na kutazama tu. Ikiisha robo saa, unachagua kitu kimoja kilichokuvuta, unakaa sakafuni mbele yake, unakichora mpaka mwisho.

Bi Usiguse alikaa wima kitini, mikono magotini, macho mbele, peremende shavu la kushoto. Watoto walipita mikono nyuma kama wazee wanaokagua shamba. Kwa kweli hapakuwa na kidole cha kukemea, lakini mazoea yana tabu, na neno lilimkaa mdomoni likimwasha. Mtoto mmoja alisogeza pua mpaka ikabaki upana wa karatasi kati yake na fremu. Bi Usiguse alinyonya peremende hadi machozi yakamlengalenga. Hakusema. Alitulia kama maji mtungini, akajisifu moyoni.

Huko kutulia ndiko kulikomponza.

Lazima nieleze kwamba kando ya kiti chake, wiki iliyotangulia, palikuwa na sanamu. Lilipata ufa likapelekwa kwa fundi, na waliolibeba walibeba sanamu wakaacha kibandiko chake ukutani. Kiliandikwa: MAMA MWENYE SUBIRA. MBAO NA RANGI.

Penseli zilipotolewa, watoto kadhaa walikaa mbele ya mbuzi, wengine mbele ya picha ya soko, na kumi na mmoja wakaja kukaa mbele ya Bi Usiguse. Mwalimu Kifutio alikuwa upande wa pili akimbembeleza mtoto aliyetaka kifutio chake.

"Hili limechongwa vizuri," alinong'ona mmoja. "Mpaka sare wameweka vifungo."

"Shavu moja limevimba."

"Limepasuka ndani. Mbao hufanya hivyo."

"Lakini mbona linapumua?"

"Siku hizi yanatiwa mashine."

Bi Usiguse aliyasikia yote. Afanyeje? Akisema neno, watashtuka, wakishtuka, watalia, wakilia, geti. Akaona heri azidi kutulia, na kila alivyozidi kutulia ndivyo alivyozidi kuwa wa mbao. Karibu naye kabisa alikaa msichana wa mikia miwili ya nywele, mtoto makini, asiyekubali jambo kabla hajalihakikisha. Msichana akaweka penseli chini. Akainuka. Akanyoosha kidole, akamgusa Bi Usiguse ncha ya pua.

Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwangoja waguse kitu, na kati ya vitu vyote vya ukumbi ule wakamgusa yeye. Peremende iliteleza kooni. Akakohoa, neno na peremende vikatoka pamoja: "Usiguse!" Neno likagonga dari, peremende ikatua katikati ya karatasi ya msichana, juu ya pua aliyokuwa ameichora.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Watoto kumi na mmoja walirudi nyuma kwa kishindo, na yule wa mikia miwili akapiga ukelele, kisha akaangua kilio, kilio hasa, cha mabega na kamasi. Na mlangoni, nani amesimama? Mkurugenzi.

Bi Usiguse alimwona. Lakini mtoto alikuwa analia mbele yake, na yeye ndiye aliyemliza, kwa hiyo mambo ya geti akayaweka kando. Tatizo hakujua kubembeleza. Wanawe mwenyewe walipolia aliwapa maharage wachambue. Akatazama huku na huku, akamshika msichana mkono, akamwongoza hadi kwenye picha kubwa.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Mimi si mbao, mimi ni mtu, tena mjinga. Hebu nihesabie wale mbuzi."

Msichana alihesabu kwa kwikwi. "Sa... saba."

"Kila mtu husema saba. Hata kibandiko kinasema saba. Sasa usihesabu vichwa, hesabu miguu."

Msichana alihesabu, akarudia. "Thelathini."

"Mbuzi saba wana miguu mingapi?"

"Ishirini na..." Kwikwi ilikatika, maana mtu hawezi kulia na kuzidisha kwa wakati mmoja. "Ishirini na minane."

"Hiyo miwili ya nani?"

"Ya yule mama."

"Yule mama amevaa viatu. Tazama tena."

Msichana alisogea, mikono nyuma, akakunja uso. Mara akaruka. "Yuko nyuma ya gauni! Mkia ule pale! Wako wanane!"

Wenzake wote thelathini na watano walikuja mbio kumwona mbuzi wa nane, na Bi Usiguse, ambaye kwa miaka yote alikuwa na neno moja tu la kuwaambia watoto, akajikuta ana mengine. Aliwaonyesha kwamba mkono wa kushoto wa yule mama una vidole sita, kwa sababu mchoraji alibadili nia kidole kikiwa kimeshakauka.

"Hakufuta!" alidakia Mwalimu Kifutio, uso ukimng'ara kwa furaha. "Mnasikia? Hakufuta!"

Aliwaonyesha kwamba mti una kivuli upande huu na jiwe lina kivuli upande ule, maana mti ulichorwa asubuhi na jiwe jioni, kwa hiyo mama wa watu ameshinda mlimani kutwa nzima bila kula. Watoto waliuliza, alijibu. Asichokijua alisema sijui. Mlangoni Mkurugenzi alikuwa anahesabu kwa kidevu, midomo ikimcheza, akafika saba na kukwama hapo.

Hatimaye alikohoa akaingia, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. "Nilisikia mtoto akilia. Nani alikuwa analia?"

Nyuso thelathini na sita zikamtazama.

"Hakuna," wakasema.

"Na wewe, mbona una machozi?"

"Mafua," alisema wa mikia miwili.

"Sote tuna mafua," aliongeza mwenzake, akapenga kamasi kama ushahidi. Mwalimu Kifutio alikuwa anachunguza taa za darini kwa makini sana.

Mkurugenzi alimgeukia Bi Usiguse. "Mama?" Kisha akainua mkono kabla hajajibiwa. "Usiniambie hapa. Andika kwenye daftari la matukio la ukumbi wako. Jumatatu asubuhi nitalisoma, na nitakachokikuta ndicho hicho."

Watoto walipoondoka, Bi Usiguse alikaa na daftari magotini. Wala tusimfanye malaika: alitamani sana kuandika "Hakuna tukio." Mashahidi alikuwa nao thelathini na sita na mwalimu mmoja, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na zaidi ya hapo, alikuwa ametoka tu kumsema mchoraji mbele za watu kwa kuficha mbuzi. Sasa yeye afiche mtoto? Akapiga moyo konde, akaandika kwa herufi kubwakubwa:

"Saa nne na dakika kumi, mtoto mmoja alilia. Sababu ni mimi. Saa nne na robo, alinyamaza. Sababu ni mimi."

Akatia sahihi. Akasimama mbele ya picha kubwa, akamuaga yule mama na mbuzi wake wote. Alilia kidogo, na hilo hakuliandika.

Jumatatu hakungoja barua. Ahadi ni deni, na mtoto alikuwa amelia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha bati na mwavuli wake, akamwambia kijana wa geti aende akapumzike, akaushika mnyororo. Mpaka saa nne alikuwa amefungulia magari kumi na tisa, na moja lilikuwa limemmwagia vumbi la kutosha kuotesha mchicha.

Ndipo akamwona Mkurugenzi akija kwa miguu juani, daftari kwapani, koti begani, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua umeileta?"

"Unafanya nini huku?"

"Nafungua geti, bosi. Mtoto alilia."

"Najua. Nimesoma." Alivua miwani akaifuta kwa shati, ikazidi kuchafuka. "Nimeisoma yote, mpaka aliponyamaza. Mama, miaka yote hii unayajua mambo yale. Kwa nini hukutuambia?"

Bi Usiguse alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kitu cha zamani kuliko hasira, na kilimtoka kwa sauti ndogo kabisa, sauti ambayo Ukumbi wa Pili ulikuwa ukiisikia asubuhi tu, kabla wageni hawajaingia.

"Hamkuniuliza, mwanangu."

Mkurugenzi alirudisha miwani machoni. Gari moja lilikuja kutoka ndani likasimama mbele ya mnyororo, wala hakuna aliyelijali.

"Kuna watoto hamsini kule juu," alisema Mkurugenzi. "Nimejaribu kuwaeleza picha mimi mwenyewe. Wameniuliza maswali matatu tu, nikatoka. Twende, mama. Wageni wako wanakungoja."

Bi Usiguse alijipangusa vumbi, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwani, akafunga mwavuli. Kisha akamkabidhi Mkurugenzi mnyororo.

"Basi shika hapa," alisema, "huyu mtu anataka kutoka."

Akapanda ngazi bila kugeuka nyuma, na huku chini honi ikalia mara mbili.