Makopa ya Bibi Mwanahawa

Leo nimeombwa radhi na mtu niliyemkosea mimi.

Bosi wangu ametua na helikopta shambani kwake Vihingo. Kibali cha kutua kinataka majirani wajulishwe kwanza, na kazi hiyo nilipewa mimi.

Nikajaza fomu nimekaa zangu Kibaha. Nikaandika: "Wamejulishwa."
Sikwenda hata kwa mmoja.

Upepo wa helikopta ukazoa makopa ya Bibi Mwanahawa, jirani yetu, aliyokuwa ameyaanika nje. Mihogo ya msimu mzima, yote kwetu mchangani.

Nikamfuata.
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Mnisamehe, nimewachafulia uwanja. Ningejua mna mgeni ningeanua mapema."

Nikamjibu, "Usijali, bibi."

Eti usijali.

Jamani, kesho narudi kwake na uso gani?