Nyumba Kasoro Paa

Ilikuwa mwaka wa mvua kubwa. Hapana, nakosea. Mvua kubwa ilikuja mwaka uliofuata. Huu ninaousema ndio ule niliong'olewa jino, maana nakumbuka kucheka kuliniuma.

Palikuwa na fundi mwashi tuliyemwita Kasoro. Ujanani alijenga kuta, ila hakuwa anazimaliza. Akifika usawa wa madirisha huanza kuona makosa ya chini, basi hubomoa. Mwishowe watu wakamwambia, wewe acha kujenga, uwe unatukagulia. Hiyo ikawa kazi yake hadi uzeeni. Mtu akitaka kununua nyumba kuukuu, humwita Kasoro amwambie matengenezo yatakula kiasi gani. Naye hakuhesabu kama wengine. Alianza na nyumba nzima kisha akawa anapunguza, kama tunavyosoma saa: saa kumi kasorobo, saa tatu kasoro dakika tano. Hata kuzungumza alizungumza hivyo. Ukimuuliza ameamkaje, hujibu, "Salama, kasoro mgongo."

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, alikuwa fundi cherehani. Mwenye chumba walichopanga aliwapa mpaka mwisho wa mwezi wawe wamehama. Akiba yao ya miaka kumi na saba ilitosha kununua nyumba chakavu ya nesi mmoja mstaafu, lakini hawakujua kama ingebaki ya kuitengeneza. Wakikosea hesabu, hawana akiba wala pa kuishi. Wakamwita Kasoro. Nami nikafuata, sikuwa na kazi.

Alikagua asubuhi nzima. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kukaribishwa. Milango aliichoma kwa msumari, ikamwaga unga wa mchwa. Kisha akaandika: Nyumba moja, vyumba vitatu. Kasoro paa. Kasoro milango minne. Kasoro madirisha. Kasoro ufa wa sebuleni. Kasoro panya. Mbele ya kila kitu akaweka gharama yake, hata panya.

"Sasa hapo kimebaki nini, fundi?" mdogo wangu akauliza.

"Kuta na sakafu, mama. Na sakafu bado sijaimaliza."

Shemeji akaona hapo ndipo pa kupatania bei. Akampelekea nesi ile karatasi. Nesi akavaa miwani, akaisoma polepole kama cheti cha mgonjwa, akipitisha kalamu chini ya kila mstari.

"Mmekubaliana wote haya?"

"Wote, mama."

"Basi na mimi sina neno. Nitapunguza kila kilichoandikwa hapa."

Na kweli bei aliipunguza bila ubishi. Shemeji alirudi anatembea kama bwana harusi. Akalipa, wakatiliana saini, wakapeana wiki mbili.

Siku ya kuhama tulifika na mkokoteni, cherehani juu ya godoro. Tukakuta kuta zimesimama zinatazama mbingu. Paa hakuna, milango hakuna, madirisha matundu matupu. Nesi alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya sebule, amejifunika mwavuli kwa sababu ya jua. Akampa shemeji ufunguo.

"Wa nini huu, mama?"

"Wa mlango wa mbele. Ufunguo hamkuuandika."

"Na mlango wenyewe?"

"Mliandika nyumba kasoro milango, nikaing'oa. Kasoro paa, mabati nimempa mwanangu afanyie banda la kuku. Ule ufa ndio ulionitesa, baba. Ufa haubebeki. Nikamwita mtu akauziba. Panya nimewatega siku tisa."

Mdogo wangu akaketi juu ya godoro pale pale barabarani, akasema kupitia dirishani, "Mama, kasoro ni ubovu. Tulimaanisha ubovu."

"Nimekaa wodini miaka thelathini na moja, mwanangu," nesi akajibu kwa upole. "Nikiandikiwa vitanda ishirini kasoro viwili, napeleka kumi na nane. Siendi kumuuliza daktari kama hivyo viwili ni vibovu."

Kasoro akaitwa tena. Akagonga, akatega sikio, akafungua daftari na kukata mstari mmoja mmoja. Paa bovu halipo. Milango mibovu haipo. Ufa hauonekani. Alipofika mwisho uso ulimshuka kama wa mfiwa.

"Fundi," akamwambia shemeji, "tangu nianze kazi hii, ndiyo nyumba ya kwanza nakuta haina kasoro."

"Tutalala wapi, fundi?"

"Hilo si la ukaguzi."

Shemeji akaketi na karatasi, akahesabu. Fedha iliyopunguzwa kwenye bei ilitosha paa jipya na milango mipya, na yale mabati ya zamani wangelipa mtu ayang'oe hata hivyo. Akahesabu tena, hakuelewa kama acheke au alie. Tukaazima turubai. Tulipokuwa tunalifunga juu ya kuta, nikawauliza wote wanne swali langu, na kila mmoja akajitia kushughulika na kamba yake. Nimewauliza na walimu wawili baadaye, wakanikaribisha kiti tu. Hivi nyumba ikiondolewa kasoro zake zote, inakuwa imepungua au imeongezeka?