Ukili wa Bi Rukia

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi inimeze.

Unakiona chama chetu cha wazee hapa Matondoni, tunavyopiga soga kila alasiri hata wajukuu wakatuonea wivu? Alikianzisha Bi Mwanaisha, kwenye daka la nyumba yake, ile baraza ya mlangoni, alipotambua kuwa yeye na wenzake hawaonani tena ila matangani. Aliwaita wanawake wanne. Wakaja na miyaa yao ya kusukia mikeka, maana mikono ya Matondoni haijui kukaa bure, na kahawa ikaletwa. Ikawa ada: mjukuu wa mwanachama akiolewa, kila bibi husuka ukili wake, yaani ule utepe wa miyaa, kisha kili zote hushonwa pamoja ziwe mkeka wa bibi harusi.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana mwenye macho makali na kiburi cha kugawia jirani. Wazee wakanipa kazi ya kushona. Ulipofika mkeka wa mjukuu wa Bi Rukia, nikaona ukili wa Bi Rukia mwenyewe umepinda, hapa mpana, pale mwembamba, kwa kuwa macho yake yalikwishaingia ukungu. Nikauweka kando, nikasuka wangu ulionyooka, nikautia mahali pake. Wallahi nilidhani natenda wema.

Mkeka ulipotandazwa, wote waliusifu. Bi Rukia alipitisha vidole ukili mmoja mmoja, mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza polepole, "Wangu u wapi?"

Akajitanda buibui lake akaenda zake, na wiki mbili hakutia mguu barazani. Akatuma neno kwamba hata harusini haji.

Bi Mwanaisha akaniita. "Mikeka ya kununua imejaa madukani. Wadhani sisi twaya hapa kwa mkeka? Twaya tuonane, tujue tungalipo. Nawe umemwambia mwenzetu hayupo."

Nililia, mwanangu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikarudi nyumbani kuutafuta ule ukili, na aibu ikazidi: mama alikwishautumia kufungia kuni! Nikaufungua, nikaupangusa, nikaupeleka kwa Bi Rukia nikapiga magoti mbele yake. Akaupapasa, akaunusa, mara akaangua kicheko.

"Wanuka moshi huu! Haya, ushone katikati, mwana akikaa ajue bibi yake yupo."

Nikaufumua mkeka, nikaushona upya. Siku ya harusi Bi Rukia alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, na alasiri iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika barazani, akidai kahawa.

Basi shika neno langu. Usimtengenezee mzee kazi yake mpaka ukamfuta mwenyewe. Chai yake ikizidi sukari, kunywa. Hadithi yake ikirudi mara ya tatu, sikiliza, huenda safari hii ukaielewa. Ukiona amekosea, muulize kwanza kama ataka msaada, naye atakujibu, maana ulimi wa mzee hauzeeki. Na ukikosa wewe, usione haya kupiga magoti.

Mola akupe umri mrefu na siha njema, akujaalie wenza wa kucheka nao, na alasiri utakayokosa kuonekana, awepo wa kuja kukubishia hodi. Amin.