Kastabini Ndani ya Viazi

Siku ya maziko ya Malachy Mulvey, Attracta Gilrane alimenya viazi kabla hata hajavaa soksi. Ilikuwa mkesha wa Watakatifu Wote, na katika nyumba ile ya shambani, Leitrim, mkesha huo haujawahi kupita bila viazi vya kuponda vyenye majani. Msiba ni msiba, lakini viazi navyo vina siku yake.

Ndiyo maana akakishusha kabatini kile chungu cha umeme cha kupika polepole, zawadi ya Krismasi kutoka kwa mke wa mpwa wake. Alikuwa amekidharau tangu siku alipokifungua. Chungu gani kisichochemka wala kutoa sauti? Leo lakini kingemfaa. Angeweka viazi saa mbili asubuhi, waende kanisani, wazike, wanywe chai ya msiba, kisha warudi saa tisa wakute vimelainika.

Alivikata vipande vya ukubwa mmoja, akamimina kikombe kimoja tu cha maji ya chumvi, maana viazi vinavyoogelea havipondeki, vinakuwa uji. Akapachika vipande vya siagi hapa na pale. Kisha akafunika kwa karatasi iliyokuwa imefungia siagi hiyo, upande wa mafuta chini, ili viazi vya juu visigeuke vyeusi. Majani hakuyaweka. Sukuma wiki ukiipika tangu asubuhi, jioni inatoka na rangi ya gari la jeshi.

Goretti, mdogo wake, aliingia jikoni akiwa tayari na gauni jeusi.

"Dada, hicho kinapika au kinaatamia?"

"Kinapika. Kachane nywele."

"Marehemu mama angekiona angekinyunyizia maji ya baraka."

"Mama angekula akanyamaza. Nenda, tutachelewa."

Attracta alikuwa na miaka sabini na miwili, Goretti sitini na minane. Wote wawili hawakuolewa, na hawakuwahi kulala mbali na nyumba ile zaidi ya wiki mbili. Goretti alifanya kazi maktaba ya mjini. Attracta alikuwa mpishi wa shule ya msingi miaka thelathini, mwanamke wa maneno makali na mwiko mkubwa, ambaye mtoto mwembamba hakuhitaji kuomba aongezwe. Nusu ya parokia imekula mkononi mwake. Ukiwauliza majirani, watakwambia wale dada ni chanda na pete. Majirani husema wanachokiona.

Kanisani watu walipanga mstari kumpa mkono mfiwa, kama ilivyo desturi. Mfiwa alikuwa mmoja tu, binti wa dada yake Malachy, aliyekuja kwa ndege kutoka Leeds na hamjui mtu. Marehemu hakuacha mke wala mtoto. Basi bibi mmoja aliyekumbuka mambo ya zamani akampita yule mgeni, akamshika Goretti mikono yote miwili.

"Pole sana kwa msiba, mwanangu."

"Asante, mama," Goretti akajibu. Hakusema kwamba msiba si wake.

Attracta alikuwa nyuma yake hatua moja. Neno lile lilimchoma vibaya sana. Hapohapo, kati ya jeneza na maua, aliapa kwamba leo atasema, hata kama Goretti hatamtazama tena usoni. Na hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama usoni duniani.

Alichokuwa nacho moyoni ni hiki. Mwaka 1977 Malachy alikuwa dereva wa lori la kukusanya maziwa, kijana mrefu mwenye haya, ambaye ilimbidi aongee na kopo kwanza ndipo aongee na mwenye kopo. Penye lango la akina Gilrane alikuwa akichukua dakika kumi kwa kazi ya dakika mbili, na kila mtu alijua dakika nane ni za Goretti. Mkesha wa Watakatifu mama yao akamkaribisha chakula.

Siku hizo viazi vya mkesha vilikuwa na mambo yake. Mama alifukia ndani yake pete, na kastabini, kile kikofia cha chuma avaacho mshonaji kidoleni. Atakayeikuta pete bakulini mwake ataoa au ataolewa kabla mwaka haujaisha. Atakayeikuta kastabini atazeekea kwao. Mpakuaji alikuwa binti mkubwa, naye hupakua akitazama ukutani asije akachagua. Wengi waliyacheka mambo hayo, lakini si Malachy. Kwao, sungura akiwakatia njia, walifanya ishara ya msalaba na kurudi nyumbani.

Attracta alitazama ukutani. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na mwiko ulikuwa mkononi mwake. Aliisikia kastabini ikigonga mwiko. Angeweza kuiacha izame. Badala yake aliisukuma kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawa, akaipakua kwenye bakuli la mdogo wake.

Hakuwa na roho mbaya, aliogopa tu. Alijiona amebaki na mama mkali na ng'ombe kumi na mmoja, kila jioni jikoni mle, hana mtu wa kucheka naye. Alidhani ataahirisha mambo mwaka mmoja, si zaidi. Goretti aliing'ata kastabini, akacheka. Malachy hakucheka. Alimaliza chakula chake, akamshukuru mama, akaondoka. Tangu siku ile alichukua makopo langoni bila kuzima injini.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Attracta hakuzaa, lakini mjukuu huyo alimlea miaka arobaini na sita. Mara mbili alijaribu kusema: siku mama alipokufa, na siku aliyokuwa anapelekwa kupasuliwa nyonga. Mara zote mbili mdomo wake ukaishia kuulizia kuku.

Waliporudi kutoka makaburini, harufu ya siagi iliwapokea mlangoni. Chungu kilikuwa kimefanya kazi yake bila kumsumbua mtu, na Attracta alikionea haya kidogo. Akachemsha majani haraka, akayakamua, akayakatakata. Akapasha maziwa pamoja na vitunguu vya majani. Kisha akaponda viazi humohumo chunguni, mvuke ukimfunika miwani na kiganja kikimuuma, akachanganya vyote. Akapakua mabakuli mawili, akachimba kishimo katikati ya kila moja, akatia siagi.

"Loo, vimetoka vizuri," Goretti alisema. "Lakini mke wa mpwa wetu asijue, atatuletea na mashine ya kukoroga chai."

"Goretti, nina neno."

"Sema, vitapoa."

"Ile kastabini ya mkesha ule aliokuja Malachy. Niliisikia kwenye mwiko. Nilikupakulia wewe kwa makusudi."

Goretti alichota kijiko kingine, akala.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona, dada. Ulikuwa unatazama ukutani, sawa, lakini ukutani kulikuwa na kioo cha baba cha kunyolea ndevu. Nilikaa nakitazama. Niliuona uso wako wote."

"Na miaka yote hii umenyamaza!"

"Wewe hukunyamaza?" Goretti akafuta mdomo. "Halafu Malachy alirudi."

Attracta aliweka kijiko mezani.

"Alirudi lini?"

"Siku ya pili ya Krismasi. Wewe na mama mlikuwa kwa shangazi. Alikuwa amekwenda kumuuliza padri kama kastabini ina nguvu, padri akacheka mpaka akapaliwa. Akaja na pete mfukoni. Nikamkataa."

"Ulimkataa? Si ulikuwa unampenda, wewe?"

"Nilimpenda mpaka nikawa siwezi kulala. Lakini nilikuwa nimeuona uso wako kwenye kioo. Nikajiambia, kumbe dada naye anampenda huyu mtu, anampenda mpaka kunifanyia hila. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ningepata mwingine. Wewe ulikuwa umefika ishirini na sita, na mchumba wako wa pekee alikuwa yule muuza mbegu mwenye meno." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nikamwambia Malachy amtazame dada yangu. Nikangoja aje kwako. Hakuja. Nikangoja wewe umwendee, hukuenda. Miaka mingine nilikukasirikia, haki ya Mungu. Nimekuachia mtu, na wewe umekaa tu! Leo pale kaburini nilikuwa nakutazama wewe. Nikasema maskini dada yangu, hata kulia analia kwa kificho."

Akanyoosha mkono, akamshika Attracta kiganja kile kinachouma.

Hapo Attracta akaona njia rahisi iko wazi mbele yake. Ilitosha kuinamisha kichwa. Ilitosha kusema ndiyo, nilimpenda, na mdogo wake angelala leo akijua kwamba alichokitoa kilikuwa na mtu wa kukipokea. Ungekuwa uongo mdogo, tena wa huruma. Lakini alikuwa ameshamdanganya Goretti mara moja kwenye meza ile, na mara ile pia alijiambia ni jambo dogo.

"Sikumpenda," alisema. "Hata siku moja. Nilikuwa sitaki uondoke, basi. Niliogopa kubaki peke yangu na mama."

Goretti aliuachia mkono polepole. Alitazama bakuli lake. Siagi ilikuwa imeshayeyuka yote, ikapitiliza kando na kuanza kuganda. Attracta alingoja atukane, avunje kitu, ainuke. Angeshukuru kwa lolote.

"Basi kumbe," Goretti alisema, "hapakuwa na mtu aliyemtaka ila mimi."