Sauti Niliyoiokota Ruti

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wala sijifichi. Ukinidanganya kwamba umeruka mara ishirini na mimi nimehesabu kumi na nne, nakwambia papo hapo, mbele za watu. Ndiyo maana bosi wangu wa Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, alinipenda. Alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye jimu ya mabati kando ya barabara ya Kabale, na alifundisha mazoezi vile alivyofundishwa yeye jeshini: kwa Kiswahili na kwa kelele. Lala chini. Amka. Kimbia. Makarani na wenye maduka wa Mbarara walipenda kweli. Nyumbani wanaongea Kinyankore, ofisini Kiingereza, na Kiswahili kwao ni lugha ya askari. Ukiwapigia kelele kwa Kiswahili, hata mwenye kitambi anaruka.

"Wewe, sauti yako iko kidogo," bosi aliniambia siku ya kwanza. "Toa kwa tumbo."

Nikaitoa tumboni kwa miaka minne. Nisiseme uongo, niliifurahia. Mtoto wa wakimbizi wa Kivu Kusini, niliyekua nikipanga foleni kambini Nakivale na kungoja kuitwa, sasa nasema neno moja na meneja mzima analala kwenye vumbi.

Lakini nilitaka kazi yangu mwenyewe, na niliitaka Nakivale. Kila nilipokwenda kumsalimia mama, wanawake wa pale walinionyesha migongo. Mgongo wa jembe, mgongo wa cherehani, magoti ya kukaa sokoni kutwa. Hospitali huwapa vidonge na kuwaambia wapumzike, kana kwamba maharage yatajipalilia. Mimi nilijua la kuifanyia ile migongo. Nikamuaga bosi, naye akacheka.

"Mimi naweka nafasi yako miezi tatu," akasema. "Ukishindwa, unarudi."

Siku ya kwanza walikuja wanawake kumi na watatu kwenye uwanja wa mpira, wengi wao wakulima wa Kirundi, pamoja na wachuuzi wachache wa Kikongo na fundi cherehani mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni. Tukasalimiana, tukanyoosha mikono, tukazunguka uwanja. Damu ikanichemka vizuri. Nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya Ruti yote: "Lala chini!"

Wakalala. Wote mara moja, uso kwenye nyasi. Mimi mpumbavu nikafurahi, nikajisemea kumbe watu wa kwetu wana nidhamu kuliko wa mjini. Kisha nikaona mikono yao. Walikuwa wameiweka vichwani. Mbarara hakuna aliyewahi kulala namna ile, na mimi sikuwa nimemwambia mtu aweke mikono kichwani. Yule fundi peke yake hakulala. Alikuwa anakimbia kuelekea mahindi, ameshika miguu ya mtoto kwa mikono yote miwili, kiatu kimoja kimebaki uwanjani.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mama mmoja wa Kikongo, muuza samaki. Akajipangusa kitenge taratibu.

"Kocha," akasema, "ile sauti tunaijua. Njo ilitukimbiza kwetu."

Hawakugombana nami. Afadhali wangenitukana. Walikunja vitenge vyao, wakaenda. Nilipeleka kile kiatu kwa fundi. Akakipokea kwa mwanya wa mlango, akasema asante, akafunga.

Mama yangu aliposikia hakunihurumia. "Weye ulikuwa mudogo," akaniambia. "Nilikuficha chini ya kitanda, nikakuziba kinywa na mukono wangu. Bale ba bunduki balikuwa banapiga kelele vilevile."

Sikumbuki hata kidogo. Niliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Kitu kilichomfanya mama yangu anizibe pumzi, mimi nilikwenda kukiokota Ruti nikakiita kazi. Na hesabu ilikuwa wazi: wale kumi na watatu wasiporudi, ningerudi kwa bosi kuifanya ileile mpaka nizeeke.

Nikaanza kuzunguka kuomba radhi, mlango kwa mlango. Nyumba ya nne ilikuwa ya bibi mmoja wa Kirundi, na sikumkuta; nikaelekezwa shambani. Siku hiyo majirani walikuwa kwake kwa ikibiri, ule utaratibu wao wa kulimiana: leo kwako, kesho kwangu. Nikaanza hotuba yangu ya msamaha. Bibi akanikatisha kwa kunipa jembe.

"Chukua mstari, mwanangu. Utaongea tukilima."

Mimi, mwalimu wa mazoezi, niliachwa nyuma na vibibi. Wakanicheka, na haki yao. Lakini nilipokuwa nahema pale nyuma nikaona jambo. Hakuna aliyeamrisha mtu. Mwenye shamba ndiye aliyetangulia. Alipoongeza mwendo, wote wakaongeza. Alipojinyoosha mgongo, wote wakajinyoosha, hata asiyechoka. Kesho yake angetangulia mwingine. Maisha yao yote wamefanya hivyo, na mimi nilikuja na filimbi shingoni.

Nikamwomba bibi aje uwanjani kesho awe mwenye shamba. Akauliza atafanya nini. Nikamwambia nitamwonyesha miondoko mitano pembeni, kisha atangulie kwa mwendo wake, na mimi nitakuwa mstarini nikiangalia migongo. Nikikuta goti limekaa vibaya, nitakwenda kumwambia mwenyewe, karibu, kwa sauti ya kuongea.

Walikuja watano. Wiki iliyofuata wanane. Zamu ikazunguka, na kila mwenye zamu alikuja amejiandaa kana kwamba ni arusi yake. Muuza samaki alitupeleka mbio mpaka nikamwomba huruma. Wanaume wawili wakajiunga, wakalalamika kwamba wanawake hawapumziki. Mwezi wa pili bibi aliinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, jambo ambalo mjukuu wake alikuwa akimfanyia, akatuonyesha mara mbili ili tuamini. Hata watu wa kambi ya Oruchinga wakatuma kuuliza kama naweza kwenda Jumamosi.

Kisha mwalimu mmoja wa mtaa wa Kakiika, aliyekuwa ameacha jimu ya bosi kwa sababu ya kupigiwa kelele, akapata habari. Akaleta wenzake. Nikaanza nao huko Mbarara mara mbili kwa wiki, kwa zamu vilevile, na ada yao ndiyo iliyonisafirisha na kuniwezesha kuwangoja wa Nakivale wanilipe wakivuna. Kazi ikaanza kunilisha. Nilijidai sana, nakubali.

Ila fundi hakuja. Nilipita kwake kila wiki, pale mlangoni anaposhonea akiuona uwanja wetu, nikamsalimia bila kumwita. Nilijua kwamba bila yeye, hata wakija mia, kuna mtu mmoja ambaye bado namfukuza.

Siku ya mwisho ya miezi mitatu nilikuwa natoka Mbarara. Mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki ikakwama matopeni mara mbili, nikafika uwanjani saa nzima nimechelewa. Nilijua wametawanyika. Nilikuwa nimeshaanza kuwakasirikia wote, na mvua pia.

Hawakuwa wametawanyika. Mistari mitatu, migongo imenyooka, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Mbele yao alikuwa fundi, mtoto wake amekaa kwenye kanga karibu na miguu ya bibi. Fundi alishuka taratibu mpaka tumbo likagusa nyasi, mikono yake chini ya mabega, vile ninavyofundisha, na watu zaidi ya ishirini wakashuka naye. Alipoinua kichwa akaniona.

"Umechelewa, kocha," akasema, wala hakuinua sauti. "Ingia nyuma."

Nikaingia nyuma. Nililia kidogo huku nikisukuma ardhi, na jasho likanistiri. Tulipomaliza nilimpigia bosi simu, nikamwambia nafasi yangu ampe mtu mwingine.