Nimelala nikiendesha boda

Watu wangu, leo nimelala nikiendesha boda. Mchana! Na abiria wangu Mama Mutua amekaa nyuma na gunia yake ya ndengu.

Asubuhi nyumbani tulipiga ndengu na fimbo zitoke maganda, vumbi ikanipea chafya mpaka mbwa ikahama boma. Nikameza tembe ya aleji. Chafya ikakataa kuisha, nikaongeza dawa ya mafua.

Kumbe zote mbili zinaleta usingizi.

Kufika karibu na daraja nikasikia kimya tamu sana.

"Ngai, Mungu wangu! Unanipeleka wapi?" Mama Mutua akapiga kelele.

Kufungua macho, gurudumu iko ukingoni. Chini ni mawe tupu.

Mama akashuka polepole. "Kijana, mimi nitatembea."

Wa boda wako anapiga chafya leo? Muulize amemeza nini, kabla hujapanda.