Koti la Kuli na Bega Lake la Kulia

Asubuhi hii maduka ya mtaa wa Kuze, Mombasa, hayajafunguliwa hata nusu, na Bi Mejumaa amekwishakaa kibarazani kwa Hafswa. Fimbo ameilaza mapajani, kahawa aliyoletewa hajaigusa, na macho yake yako kwenye sindano ya mwenzake.

"Hapo," anasema. "Hapo palikuwa na mshono wa mkono, si wa cherehani."

Hafswa anafumua kipande kidogo, anatia uzi mwingine na kuanza upya. Koti la kaki lililopauka limetandazwa mapajani mwake, na limekamilika isipokuwa mkono mmoja. Wiki nzima sasa wanawake hawa wamekaa hivi, mmoja ndani ya mlango, mmoja nje, wakilirudisha koti la mtu aliyefariki miaka kumi na mitano iliyopita.

Hafswa, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni fundi wa nguo, ila si wa sare za shule na madera. Yeye hubuni nguo za kiume zenye asili ya kale. Hushona mashati ya kaki ya wafanyakazi wa reli, makoti ya beni yenye vifungo vya shaba ambayo wazee walivaa wakicheza ngoma na kujifanya maofisa wa jeshi, na suruali za bugaluu, pana miguuni, zilizowatia wazimu vijana wa miaka ya sabini. Mtindo wa zamani anaupunguza hapa, anaulegeza pale, hata mtu wa leo akaweza kwenda nao harusini asichekwe.

Na katika kazi yote hiyo, hajawahi kumpima mwanamume hata mmoja.

"Mimi ni mtoto wa Kuze," anasema akicheka. "Nimzungushie tepu mume wa watu kifuani, kisha jioni nimpitie mamake hapo njiani nimwamkie? Wapi!"

Kwa hiyo ana utaratibu wake. Mteja huja na nguo yake inayomkaa vizuri, akaiacha mlangoni. Hafswa huipima nguo, mwenye nguo akaenda zake. Akitaka kuona koti linavyoanguka mwilini, humvisha mumewe, Sami, anayefanya kazi ya samaki huko Liwatoni. Majirani husema makoti yote ya mjini yamepita mgongoni kwa Sami, na mengine yamebaki na harufu.

Utaratibu huo umempa rizki. Na ndio uliomponza.

Mwaka jana alijiwa na dereva wa tuktuk aitwaye Chirau, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mkazi wa Majengo. Alileta koti la marehemu babake, Mzee Chonga, aliyekuwa kuli bandarini Kilindini enzi za kubeba magunia kwa mabega. Alitaka ashonewe jingine kama hilo hilo.

"Nilipolishika, mikono iliniwasha," Hafswa anakumbuka. Mabega ya koti yalijaa kama mto na yalishonwa mistari mistari. Mifuko ilikaa nyuma ya mbavu, isikwaruzwe na gunia. Bitana ilikuwa ya kanga. "Sijapata kuona koti la kazi lililofikiriwa vile. Nikajiambia, nikitaka kulijua hili sharti nilifumue."

Basi akalifumua, kipande kwa kipande. Hakumuuliza mtu.

Koti jipya la Chirau lilipoonekana mjini, wateja walimiminika, wengine kutoka Nairobi. Kabla ya hapo, mwezi mzuri ulimpatia Hafswa shilingi elfu kumi na tano. Koti la kuli, analoliuza shilingi elfu sita na mia tano, likaanza kulipa kodi ya chumba na karo ya watoto watatu. Vipande vya lile la asili vilikaa kikapuni chini ya meza. Kila wiki alimwahidi Chirau atalirudisha, na kila wiki ikatokea harusi ya mtu.

Wakati huo hakujua kwamba koti halikuwa la Chirau. Lilikuwa la mamake.

"Kwetu mtu akifa, nguo zake hutolewa sadaka," anaeleza Bi Mejumaa, ambaye akiulizwa umri husema ni wa kutosha. "Nilitoa kanzu, nikatoa shuka, nikatoa hata viatu. Hili lilinishinda. Nikalitia sandukuni, na Mungu atanisamehe."

Chirau alilitoa humo kimyakimya, na mahali pake akaweka blanketi alilolikunja vizuri kabisa. Mtu wa miaka hamsini huyo! Siri ilidumu mpaka siku ya harusi ya jirani, alipojisahau akaenda na koti lake jipya.

"Nilimwona Chonga yuwaingia mlangoni," Bi Mejumaa anasema. Anajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Mwendo ule ule, koti lile lile. Kisha akageuka, kumbe ni huyu mpumbavu wangu."

Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akafungua sanduku, akakutana na blanketi. Asubuhi yake Chirau aliamrishwa awashe tuktuk, aonyeshe koti liko wapi.

Hafswa hupenda kuzungumza, lakini akifika hapa husema taratibu, macho kwenye sindano. "Alipoviona vile vipande hakunigombeza. Heri angenitukana. Alikaa chini, akaviweka mapajani kimoja kimoja, akalia. Nikamshika miguu nikamwomba radhi. Akaniambia, lishone kwanza, habari ya radhi tutazungumza baadaye."

Tangu siku hiyo Hafswa hajashona koti jingine la kuli. Wateja wanapiga simu, wengine wameanza kununa. Sami alimshauri ashone tu, bibi wa Majengo atajuaje?

"Hatajua, ni kweli," anasema Hafswa. "Na mimi je? Niwalishe wanangu rizki iliyotoka kwenye machozi ya mama wa watu? Asiponipa radhi, koti hili naliacha kabisa, nirudi kwenye sare za shule."

Basi kila asubuhi bibi anakuja, anakaa, anaelekeza. Na siku ya tatu au ya nne, akiwa amechoka kununa, alianza kusimulia.

"Makuli walipewa koti jepesi la kaki, basi," anasema sasa, akiligusa pindo kwa ncha ya fimbo. "Gunia likamchuna Chonga. Alikuwa akirudi jioni shati limeganda begani, mpaka nilibandue kwa maji ya moto. Nikasema, hivi nitakaa nikimtazama tu? Nikapasua mto wangu wa harusi nikatoa sufi, nikamjazia mabega. Bitana nikakata kanga yangu, upande mmoja. Upande wa pili niliuvaa mpaka ukawa tambara."

"Na mifuko, mama?"

"Mifuko ilikuwa malalamiko yake. Kila siku tumbaku imesagika! Nikaihamishia nyuma apate kunyamaza." Anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Siku alipolivaa wenziwe walimcheka, eti amevaa godoro. Haikupita wiki mbili, wake zao wakajaa uani kwangu kuniuliza limeshonwaje."

Hafswa ameweka sindano chini. "Mwaka mzima nawaambia wateja kwamba huu ni ubunifu wa makuli," anasema. "Kumbe makuli walivaa tu. Wallahi niliona haya."

Adhuhuri inapita ndipo mkono wa mwisho unaposhika mahali pake. Hafswa anakata uzi, anakung'uta koti, analikabidhi kwa mikono miwili. Nje, Chirau amekwishaegesha tuktuk na kusimama ukutani, hasogei wala haondoki.

Bi Mejumaa hatazami mishono. Anafumba macho, anaweka kiganja juu ya bega la kushoto, kisha la kulia. Anarudia. Uso unamkunjamana.

"Umeyalinganisha."

"Naam, mama. Sufi nimeigawa sawasawa."

"Nani alokwambia mabega ya mtu yalingana? Chonga alibeba kwa kulia. Kulia nilijaza, kushoto nikatia kidogo tu ili koti lisimwende upande." Analishusha koti mapajani. "Hili si lake. Hili ni la dukani."

Hafswa anakaa pale pale sakafuni. Fundi mzuri hulinganisha mabega, ndivyo alivyofundishwa, na mkono wake ulifanya hivyo bila kumuuliza. Anafunika uso. Kilio cha wiki nzima kinamtoka mbele ya wapita njia, naye hajali tena nani anamwona.

Bi Mejumaa anamnyooshea sindano. "Haya, haya. Nyamaza. Nitilie uzi, macho yangu hayaoni tundu."

Hafswa anatia uzi. Bibi mwenyewe anafungua bega la kushoto, anachomoa sufi kwa vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, anaisukuma kwenye bega la kulia, anakandamiza, anaongeza. Kisha anashona, mshono mmoja mrefu na mmoja mfupi, huku Hafswa amesogea mpaka vichwa vinakaribia kugusana. Bibi anaukata uzi kwa meno.

"Chirau!"

"Labeka, mama."

"Ndoo hapa uvae."

Chirau anatazama nyuma yake, kana kwamba ameitwa mwingine. Anakuja, anageuka, mamake anamvisha koti kama anavyovishwa mtoto wa madrasa. Linamkaa. Anasimama wima.

"Mbona hukuniomba?" mamake anamuuliza taratibu.

"Ningekuomba vipi, mama? Nilikuona ukilitoa, ukilinusa, ukilirudisha. Nikasema nisikunyang'anye. Nitafute tu la mfano wake."

Bibi anampiga kofi jepesi kwenye lile bega la kulia, anaacha mkono hapo hapo. "Basi ni lako. Livae. Sandukuni lilikuwa halimfai mtu."

Kisha anamgeukia Hafswa, ambaye bado amekaa sakafuni. "Nawe nimekupa radhi, mwanangu, duniani na akhera. Shona, uza, lisha wanao. Lakini usifumue tena cha mtu kabla hujauliza. Yuko Awiti, mjane wa Oloo aliyebeba na Chonga, jirani yangu. Yeye alijaza matambara badala ya sufi, mvivu yule! Lakini kwenye ukosi hakuna aliyemshinda. Kamuulize."

Hafswa anabusu mkono wake. Mpango wake, anasema, ni kwenda Majengo kesho, kisha nyumba kwa nyumba kuwatafuta wake wa makuli wangali hai, wamfundishe kwa mikono yao. Atakayekataa, atamshukuru na kurudi zake. Atakayekubali, atapata sehemu yake kwa kila koti litakalouzwa, na jina lake litashonwa kwenye koti. La kwanza litakuwa la Bi Mejumaa, kwa uzi mwekundu, ndani ya ukosi.

Bi Mejumaa, aliyekwishaweka mguu mmoja ndani ya tuktuk, anasimama.

"Ndani nitaonekana na nani?" anasema. "Niandike nje."